Pete ya Nje ya Trela: Namna ya Kuiweka na Kumfunga Farasi au Punda kwa Usalama

Siku ya soko la mifugo au ya maonyesho ya kilimo, kazi ya kwanza baada ya gari kusimama ni kumteremsha mnyama na kutafuta mahali pa kumfunga. Mara nyingi mahali hapo huwa ni gari lenyewe. Farasi wanaotoka mashamba ya Nakuru na Laikipia kwenda mashindano jijini Nairobi hufungwa ubavuni mwa trela wakisubiri zamu yao. Punda aliyeletwa kuuzwa hufungwa kwenye mbao za lori, kwenye bampa ya pikapu, na wakati mwingine kwenye mkono wa mlango. Mwenye mnyama huenda kutafuta chai au mnunuzi, na hapo ndipo hatari huanza.

Somo hili linawahusu wenye trela na malori ya kubebea farasi na punda, mafundi wa kuchomelea wanaoletewa kazi hizo, na madereva. Linaeleza jinsi pete ya kufungia inavyowekwa nje ya gari, na jinsi inavyotumiwa bila kumvunja mnyama shingo wala kumkata mtu vidole.

Farasi ni mnyama wa kukimbia. Akishtushwa na honi, turubai linalopepea au pikipiki inayopita karibu, huruka nyuma. Kamba ikimkaza nyuma ya masikio hatulii. Huzidi kuvuta, kwa sababu maumbile yake humwambia kwamba ameshikwa. Punda ni tofauti kidogo. Yeye akiogopa husimama kwanza kama mti, jambo linalowafanya watu wamwite mkaidi, lakini shingo yake ikibanwa naye huvuta kwa nguvu zote. Farasi mzima wa kupanda huwa na uzito wa kilo 450 hadi 550. Punda wetu wa kawaida ni mwepesi kuliko huyo, lakini hata yeye ana uzito wa watu wawili.

Nguvu hiyo yote hupita katika mlolongo mmoja: shingo, hatamu, kamba, fundo, pete, bolti, ukuta wa gari. Mnyama akivuta kwa hofu, kitu kimoja katika mlolongo huo kitaachia. Kazi ya mwenye gari ni kuchagua mapema kitakuwa kipi. Kisiwe shingo, wala kisiwe pete. Pete inapong'oka, mnyama hukimbia akiburuta kipande cha chuma kwenye ncha ya kamba. Chuma hicho humpiga miguuni na usoni kila anapopiga hatua, na kila pigo humzidishia hofu. Aliye mbele yake naye hupigwa.

Kinachofaa kukatika ni uzi wa bei ndogo kuliko vyote: kitanzi cha kamba ya mkonge kati ya pete na kamba ya mnyama. Kwa hiyo pete iwe imara kupita kiasi, na kitanzi kiwe dhaifu kwa makusudi. Wengi hufanya kinyume. Hufunga kamba ngumu ya nailoni kwenye pete iliyoshikwa na skurubu mbili, kisha wakashangaa.

Kazi ya fundi

Kuta za trela nyingi ni bati la alumini au plaiwudi iliyopigwa juu ya fremu ya chuma. Nguvu iko kwenye fremu. Pete iliyofungwa kwenye bati au plaiwudi peke yake kwa skurubu au ribiti itatoka na kipande cha ukuta. Kabla ya kutoboa, fundi atafute nguzo ya fremu kwa kugonga ukuta na kuutazama kwa ndani, na ahakikishe pia nyaya za taa hazipiti hapo. Mihimili mikuu ya chesi isitobolewe wala kuchomelewa kwa ajili ya pete.

Pete ifaayo ni ya chuma cha mviringo chenye unene wa milimita 8 au zaidi, na tundu la sentimita 5 hadi 6. Iwe imeungwa mzunguko wote. Chuma kilichokunjwa na kuachwa wazi kama ndoano kitanyooka siku ya kwanza ya msukosuko, na ndoano yenyewe inaweza kumchana mnyama jicho au kunasa hatamu. Afadhali pete inayoning'inia na kulala bapa ukutani kuliko kitu kinachochomoza.

Kitako cha pete kifungwe kwa bolti za milimita 10 zinazopenya hadi upande wa pili, na kwa ndani kuwekwe bamba la chuma kama la sentimita 10 kwa 10, lenye unene wa milimita 5. Bamba hilo husambaza nguvu ya mvuto ili bolti zisichomoke kupitia ukuta. Nati ziwe za kujikaza, zile zenye mduara wa nailoni ndani, kwa sababu mtikisiko wa barabara ya changarawe hulegeza nati ya kawaida katika safari chache tu. Ncha za bolti zikatwe na kufunikwa kwa nati zenye kofia. Jambo hili husahauliwa sana: upande wa pili wa ukuta huo husafiri mnyama mwingine, mbavu zake zikiegemea hapo hapo.

Chuma kikikutana na alumini penye unyevu, alumini huliwa. Kipande cha mpira, hata cha tyubu kuukuu, kikiwekwa kati ya viwili hivyo huzuia hilo. Kwenye plaiwudi adui ni maji, hivyo tundu lipakwe rangi na kuzibwa kwa silikoni kabla ya bolti kukazwa. Mbao iliyooza nyuma ya pete nzuri haionekani kwa nje.

Wapo wanaopendelea kuchomelea kitako cha pete moja kwa moja kwenye fremu ya chuma. Hilo linakubalika ikiwa fremu ni nene na kazi imefanywa pande zote, si kwa madoa mawili ya kushikiza. Mabati, yaani chuma kilichopakwa zinki, yasuguliwe kwanza, kwani moshi wa zinki humletea fundi homa usiku. Waya wa betri uondolewe, na nyasi kavu zote zitolewe ndani ya trela kabla ya cheche ya kwanza.

Kazi ikiisha, watu wazima wawili wavute kamba kwenye pete kwa uzito wao wote, mmoja wao akivuta kwa kushtukiza, huku mtu wa tatu akitazama bamba kwa ndani. Likicheza, kazi irudiwe. Aliyelipia kazi asione haya kudai jaribio hili.

Mahali pa kuiweka

Kimo kinachofaa ni usawa wa macho ya mnyama akiwa amesimama kwa utulivu. Kwa farasi wa kawaida hiyo ni kama sentimita 150 kutoka ardhini. Kwa punda ni kati ya sentimita 100 na 120. Trela inayobeba wote wawili inahitaji pete za vimo viwili. Pete ikiwa chini mno, mnyama hupata nguvu ya mgongo wote anapovuta, na mguu wa mbele huvuka kamba kwa urahisi. Kufunga kwenye bampa au kwenye chuma cha kuvutia trela ni kosa kwa sababu hiyo hiyo, ingawa vyuma hivyo ni imara.

Pete iwe mbali na taa, bawaba, makufuli na kona za madigadi. Iwe mbali pia na gurudumu na ukingo wa chini wa trela, maana farasi asiye na subira huparapara kwa kwato na anaweza kuingiza mguu chini ya ukingo huo. Bomba la moshi lililo moto halihitaji maelezo. Wanyama wawili wakifungwa ubavu mmoja, waachane kiasi kwamba hakuna anayeweza kumfikia mwenzake kwa teke wala kuzungusha kamba zao. Wasiofahamiana wafungwe pande tofauti za gari.

Upande wa gari nao una maana. Kwa kuwa Kenya tunaendesha upande wa kushoto, gari lililoegeshwa kando ya barabara huwa na ubavu wake wa kulia kwenye magari yanayopita. Pete inayotumika zaidi iwekwe kushoto. Hata hivyo mnyama hafai kabisa kufungwa kwenye ukingo wa barabara kuu. Kama gari limeharibika njiani na ndani hakuna hatari, abaki ndani. Akilazimika kutolewa, ashikwe na mtu na kupelekwa mbali na lami.

Kumfunga

Kabla ya kamba kugusa pete, gari lenyewe liangaliwe. Trela iwe imeungwa kwa gari linaloivuta, breki ya mkono iwe imevutwa na mawe au magogo yawekwe kwenye magurudumu. Trela tupu iliyosimama peke yake inaweza kuyumbishwa na kuburutwa na farasi mmoja. Mkokoteni mtupu ni mbaya zaidi. Punda aliyefungwa kwenye mkokoteni mtupu akishtuka huondoka nao, na kelele za mkokoteni unaomfuata humfanya azidi kukimbia.

Mnyama afungwe kwa hatamu ya kichwani iliyomkaa vizuri. Kamba ya shingoni yenye kitanzi kinachojikaza humnyonga, na tabia ya kumfunga punda hivyo sokoni inapaswa kuachwa. Lijamu nalo halifai kufungiwa kitu. Likivutwa kwa ghafla huumiza ulimi na linaweza kuvunja taya.

Kitanzi dhaifu hutengenezwa kwa kamba nyembamba ya mkonge, ile iliyokuwa ikifungia marobota ya nyasi. Huzungushwa kwenye pete na kufungwa kuwa mduara mdogo, na kamba ya mnyama hufungwa kwenye mduara huo, wala si kwenye pete. Siku hizi marobota mengi hufungwa kwa kamba ya plastiki. Hiyo haikatiki kwa urahisi. Kama ndiyo pekee iliyopo, ifumuliwe na kutumiwa nyuzi zake chache tu. Kipimo ni rahisi. Mtu mzima akivuta taratibu, kitanzi kishike. Akivuta kwa kishindo kwa uzito wake wote, kikatike. Mkonge uliolowa mvua na kukauka juani mara nyingi hudhoofika, hivyo ni vizuri kuweka kitanzi kipya kila safari.

Kuna wafugaji wazoefu wasiokubaliana na jambo hili. Husema mnyama akikata kamba mara mbili au tatu hujifunza kwamba kuvuta kunalipa, na kwamba punda aliye huru karibu na barabara ni hatari kubwa kuliko aliyefungwa. Hoja hiyo ina ukweli. Jibu lake si kamba isiyokatika. Mnyama anayejulikana kuwa mvutaji asifungwe nje ya gari. Ashikwe na mtu. Yule ambaye hajawahi kufungwa afundishwe nyumbani kwanza, kidogo kidogo, mahali palipo na ua na mtu karibu. Uwanja wa soko si darasa la kumfundishia.

Urefu wa kamba kutoka kitanzini hadi hatamuni uwe kama sentimita 50 hadi 60, mkono wa mtu kutoka kwenye kiwiko hadi ncha za vidole na kidogo juu yake. Ikiwa ndefu, mnyama ataweka mguu juu yake anapoinama. Ikiwa fupi mno, hawezi kugeuza kichwa aone kinachokuja nyuma yake, na kutoona ndiko kunakomtia hofu.

Fundo liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja. Ncha ya kamba hupitishwa ndani ya kitanzi cha mkonge. Kwa ncha hiyo hufanywa tundu lililolala juu ya sehemu ya kamba inayoelekea kwa mnyama. Kisha ncha hukunjwa, mkunjo ukapitishwa nyuma ya kamba ya mnyama na kuingizwa ndani ya tundu, halafu fundo husukumwa juu hadi likaze. Ncha ikivutwa, fundo lote hufumuka. Watoto wa nyumbani na wasaidizi wote wajifunze fundo hilo hadi waweze kulifunga na kulifungua gizani. Hata hivyo mnyama akishavuta kwa nguvu zote, fundo lolote linaweza kukwama, na ndiyo sababu kisu chenye makali hukaa mahali kinapofikika bila kufungua mlango wa gari.

Vidole visiingizwe ndani ya pete, ndani ya kitanzi wala ndani ya tundu la fundo wakati wa kulikaza. Kamba isizungushwe mkononi. Mnyama hana haja ya kuwa mkali ili amkate mtu kidole. Hatua moja tu ya kurudi nyuma inatosha.

Wakati wa kumpandisha na kumteremsha kuna utaratibu usiobadilishwa. Akiingia, chuma cha nyuma yake hufungwa kwanza, ndipo afungwe kamba ndani. Akitoka, kamba hufunguliwa kwanza, ndipo chuma kiondolewe. Mnyama aliyefungwa kichwani huku nyuma pako wazi hurudi nyuma, akafika mwisho wa kamba akiwa kwenye ngazi ya trela, na huko huteleza.

Ufunguo wa gari

Ajali ya kutisha kuliko zote haihitaji mnyama mwoga. Dereva anaitwa asogeze gari kidogo kupisha lori jingine. Anapanda upande wa kulia, anawasha, anaondoka. Mnyama amefungwa upande wa kushoto, nyuma ya trela, mahali ambapo kioo hakionyeshi kitu. Hakuna aliyefanya ubaya kwa kukusudia, na hatua chache tu za gari zinatosha kumwangusha mnyama na kumburuta.

Kinga yake ni moja na haina gharama: anayefunga mnyama nje ya gari huchukua ufunguo na kukaa nao hadi amfungue. Dereva akitaka kusogeza gari, sharti amtafute mwenye ufunguo, na mwenye ufunguo anajua mnyama yuko wapi. Mahali ambapo dereva hawezi kuachia ufunguo, kipande cha kitambaa chekundu hufungwa kwenye usukani na hakiondolewi na mtu mwingine ila aliyekifunga. Hata hivyo dereva azunguke gari kwa miguu kila mara kabla ya kuondoka. Kumwendesha punda akiwa amefungwa nyuma ya gari au pikipiki inayotembea, hata polepole, hakuna namna ya kukufanya kuwe salama.

Akiwa amefungwa

Mnyama aliyefungwa asiachwe peke yake. Mtu awe mahali anapomwona na kumfikia kwa hatua chache. Kivuli huhama, na ubavu wa trela uliokuwa na kivuli saa tatu asubuhi huwa na jua kali saa saba mchana, bati likirudisha joto usoni mwake. Maji apewe hata kama hakuonyesha kiu. Wavu wa nyasi, ukitumiwa, utundikwe juu, kwa kuwa ukiisha nyasi hushuka na kwato huingia humo.

Jeraha likitokea, hata dogo la kusuguliwa na kamba au kuchubuliwa na kutu, lisipuuzwe. Lugha yetu yenyewe inatukumbusha: ugonjwa huu unaitwa pepopunda, na farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaoshambuliwa nao kwa urahisi mno. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na samadi, na huingia kwa jeraha lenye kina na uchafu. Jeraha lioshwe kwa maji safi mengi na daktari wa mifugo aarifiwe siku hiyo hiyo. Mnyama anayesafirishwa mara kwa mara anapaswa kuwa amechanjwa kabla. Mtu aliyeumia katika tukio hilo naye aende kituo cha afya kuuliza kuhusu chanjo yake.

Thamani ya wanyama hawa si ndogo. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini Kenya, na ile ya 2019 ikahesabu takriban milioni 1.2. Familia inayochotewa maji na punda mmoja ikimpoteza kwenye uwanja wa soko, maji yatabebwa mgongoni na mtu, na kwa kawaida mtu huyo ni mama au binti.

Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kuwa kosa kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima, na kumsafirisha kwa njia ya kumtesa ni sehemu ya makosa hayo. Kabla ya safari mwenye mnyama anahitaji pia kibali cha kusafirisha mifugo kutoka ofisi ya mifugo, na anapokwenda kukichukua ni nafasi nzuri ya kumuuliza afisa kuhusu chanjo.

Pete zikaguliwe kabla ya kila safari. Mkaguzi aitikise pete kwa mkono, aguse nati kwa spana, atazame kama kuna ufa kwenye sehemu iliyochomelewa na kama chuma kimelika pale pete inaposuguana na kitako chake. Ubonyezo wa kidole kwenye plaiwudi kandokando ya kitako huonyesha kama mbao imelainika. Pete yenye shaka iondolewe kabisa siku hiyo hiyo, isiachwe ukutani ikisubiri fundi, kwa sababu ikiwa bado ipo mtu mwingine ataiona na kufunga punda wake.